Muwa wa pingili 10

Jana mwanangu kauliza mbona kipande cha dada yake kirefu kuliko chake. Nilikuwa na kisu mkononi, muwa nimeshaumenya nusu. Nikacheka, kisha nikanyamaza.

Bibi ndiye aliyetufundisha kugawana: mkubwa akate, mdogo achague. Ukipendelea kipande kimoja, mwenzako anakibeba. Tuligawana hivyo maembe, chapati, hata yai la kuchemsha, bila kilio.

Halafu siku ile ya muwa. Mimi miaka 9, mdogo wangu 5. Nilijua asilolijua: utamu wa muwa umelala shinani. Pingili za chini ni fupi na ngumu, lakini sukari iko huko. Kadiri unavyopanda kileleni ndivyo unavyotafuna maji. Pingili zilikuwa 10. Sikukata katikati. Nilihesabu kutoka chini, moja, mbili, tatu, nne, nikapitisha kisu. Nikavilaza vipande mkekani sambamba, nikavilinganisha upande mmoja ili urefu wa kile cha kileleni uonekane vizuri. Kisha nikakunja uso kama mtu aliyekosea kukata.

Macho yake yakaenda huku, yakarudi kule. Akanyakua kirefu, akakikumbatia. Alitafuna, akatema makapi, akanitazama na kipande changu kifupi.

“Kaka, nimekupunja,” akasema. Akanisogezea cha kwake nikate pingili moja niongeze.

Nikakata. Nikala.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Nature, wa watoto wa nchi 7. Mtoto aliamua akubali mgawo au peremende zote zimwagwe, wakose wote. Kukataa kupunjwa kulionekana nchi zote. Kukataa kuzidishiwa kulionekana Marekani, Kanada na Uganda tu, tena kwa watoto wakubwa zaidi. Sasa yule wa miaka 5 aliyatoa wapi? Na mimi wa 9 nilikuwa wapi?

Bibi alikuwa pale pale akipepeta mchele. Hakuinua macho. Bado najiuliza kama aliona.

Jana niliupasua muwa kwa urefu, toka shinani hadi kileleni, kila mmoja apate tamu na chapwa yake. Mwanangu akasema cha dada yake ni kinene. Dada yake akalalamika kwamba sasa hakuna kirefu. Wakanuna wote wawili.