Waya wa shaba ulionidanganya

Hatimaye nimemaliza kuunganisha vihisi vya injini katika ndege ndogo ninayoijenga mwenyewe, kazi niliyoipangia siku 2 nayo ikanila wiki nzima. Waya wa kihisi cha joto la silinda ya 3 ulikuwa mfupi kwa kiasi cha shubiri moja, nami, kwa uvivu, nikaurefusha kwa waya wa kawaida wa shaba. Kihisi hicho, cha aina ya K (jina la jozi maalumu ya metali za kupimia joto), hutoa takribani maikrovolti 41 tu kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, na nguvu hiyo hutokana na aloi mbili tofauti zinazopaswa kufika hadi kwenye geji. Kiungo changu kilipokaa penye joto nyuma ya injini, geji ikapunguza usomaji, na silinda hiyo ikaonekana baridi kuliko nyingine zote. Kabureta niliilaumu bure. Mshale wa presha ya oili nao uliruka kila nilipowasha taa ya kutua, hadi nilipoipa geji waya wake wa kurudi kwenye hasi ya betri, badala ya ule mwembamba iliochangia na taa.