Bahasha ya kaki na alama 91

Juzi mama watoto alikuwa akitia maembe mabichi kwenye siki, na harufu ilipofika sebuleni nikaiacha ripoti niliyokuwa nikiiandika. Wenzangu waliosomea fani hii ya udaktari kabla picha za eksirei hazijahamia kwenye kompyuta watanielewa: dawa ya kukazia filamu katika chumba cha giza ilikuwa na uchachu huo huo, na filamu iliyosuuzwa kwa haraka iliweza kuendelea kunuka hivyo kwa miaka. Mimi sikuwahi kufanya kazi katika chumba cha giza. Harufu ile niliijulia kwenye bahasha ya kaki ya mwana-Apolo mmoja, yaani mchimbaji wa tanzanaiti, nilipokuwa bado daktari mtarajali na idara yetu ikiwa katikati ya ule utafiti wa akili mnemba.

Utaratibu wa utafiti ulikuwa rahisi kuueleza kuliko kuutekeleza. Mgonjwa mwenye kikohozi alipigwa picha ya kifua, programu ikaisoma kwa muda usiofika dakika moja, ikatoa alama kati ya 0 na 100 kuonyesha kiasi inavyoshuku kifua kikuu, na juu ya picha ikapaka rangi nyekundu na njano pale ilipoona pana shaka. Aliyevuka kiwango kilichowekwa alipimwa makohozi kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu, na sampuli nyingine ikapelekwa maabara ili vimelea, kama vimo, vioteshwe. Itifaki ilikuwa na sharti moja lililotuudhi sote: hakuna daktari aliyeruhusiwa kuiona alama ya mashine kabla hajaandika usomaji wake mwenyewe, akatia sahihi na kuitumbukiza karatasi kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli. Sharti hilo liliwekwa kwa ajili ya takwimu tu, maana huwezi kulinganisha macho ya mtu na ya mashine ikiwa mmoja amekwisha kumnong'oneza mwenzake jibu. Hakuna aliyelifikiria kuwa ni somo. Tulikuwa watarajali tuliokesha zamu, na karatasi zile tulizijaza kama mtu anayelipa faini.

Mwana-Apolo huyo alikuja asubuhi ya kliniki, mtu wa makamo, mwembamba, anayepumzika kila baada ya sentensi mbili. Sote tuliokuwa zamu tuliandika usomaji wetu, sanduku likapokea, kisha skrini ikageuzwa. Alama 91. Sehemu za juu za mapafu yote mawili zilikuwa zimewaka nyekundu. Majibu ya GeneXpert yalipotoka baadaye siku hiyo hayakuonyesha vimelea, na hapo ndipo Mzee alipoitwa. (Mzee nimekwisha kumtaja hapa mara nyingi, wasiomfahamu na watosheke na kujua kwamba alikuwa daktari bingwa aliyekaribia kustaafu na aliyeiita programu ile "kijana wenu".)

Mzee hakuanza na skrini. Alivuta stuli, akaketi magoti yake yakikaribia kugusana na ya mgonjwa.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, ndugu yangu. Kazi yako ilikuwa nini?"

"Mererani. Shimoni."

"Muda mrefu?"

"Niliingia nikiwa nyoka, nikatoka nina watoto watatu."

Waliokulia Kaskazini hawahitaji kuelezwa kwamba nyoka, katika machimbo ya tanzanaiti, ni mtoto anayetambaa kwenye vishimo ambavyo mtu mzima hapiti. Fomu ya utafiti ilikuwa na nafasi ya umri, uzito, sigara na dawa alizowahi kutumia mgonjwa, lakini haikuwa na mahali pa kuandika kazi. Mtu huyo alikuwa amekwisha kutibiwa kifua kikuu mara mbili, na kwa maelezo yake mara zote mbili dawa zilianzishwa kwa kutegemea picha, kwa kuwa makohozi hayakuwahi kuonyesha kitu. Kisha, bila kuulizwa, akatoa kwenye mfuko wa rambo ile bahasha ya kaki, na ndani yake filamu tatu za miaka tofauti, kingo zimejikunja, zinanuka siki.

Mzee alizipeleka dirishani moja baada ya nyingine, kwa sababu kile kisanduku cha taa kilikuwa kimegeuzwa kabati la glavu. Nakumbuka alivyoishika filamu kwa ncha za vidole vya mikono yote miwili, akaisogeza hadi jua la saa kumi likapita katikati yake, na kivuli cha mbavu za mtu yule kikaangukia koti lake jeupe. Alikaa kimya kiasi cha kututia wasiwasi. Akatuita tusogee, akaweka ukucha pale mirija ya hewa inapoingia pafuni, kwenye matezi. Palikuwa na viduara vidogo vyenye ukingo mweupe, vyembamba kama maganda ya yai, na vitabuni ndivyo vinavyoelezwa hivyo hivyo: chokaa iliyojikusanya pembezoni mwa tezi, dalili inayomwelekeza daktari kwenye vumbi la mawe, yaani silikosisi. Halafu akarudi kwenye filamu ya zamani kuliko zote na kutuonyesha kwamba vivuli vya juu, vile vile ambavyo mashine ilivipaka nyekundu, vilikuwapo tangu wakati huo na havikuwa vimeongezeka kiasi cha kutisha. Programu ilisoma picha moja, ya siku ile. Yeye alikuwa amesoma nne na kuuliza swali moja. "Kijana wenu hajaulizia kazi," alisema, na sisi tukacheka kwa furaha isiyo na staha.

Laiti habari ingeishia hapo, ningeisimulia kila mwaka kwenye mahafali.

Sampuli iliyopelekwa kuoteshwa ilichukua wiki kadhaa, kwa kuwa vimelea vya kifua kikuu hujigawa taratibu mno, takriban mara moja tu kwa siku. Kuotesha ni njia ya kale. Robert Koch aliitegemea alipotangaza ugunduzi wake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Majibu yakaja: vimelea vimeota. Mgonjwa alikuwa na silikosisi kweli, na kifua kikuu pia alikuwa nacho, jambo lisilo la ajabu, kwa kuwa mapafu yaliyojeruhiwa na vumbi la mawe huandamwa na kifua kikuu kuliko mapafu mengine. Alitafutwa, akapatikana, akaanzishiwa dawa. Mzee aliomba picha zote zirudishwe mezani, na baada ya kuzikodolea macho akaagiza sanduku lifunguliwe.

Katika karatasi za siku ile, moja iliyoandikwa na mtarajali mwenzangu, dada mmoja mpole aliyekuwa hasemi mikutanoni, ilikuwa na mstari huu: "Kivuli kidogo nyuma ya mtulinga wa kushoto. Sina uhakika." Kwenye filamu za zamani kivuli hicho hakikuwapo. Huenda ugonjwa ulikuwa hapo, huenda ulikuwa penginepo. Mpaka leo hakuna anayeweza kuapa. Mashine ilipata jibu sahihi, lakini nyekundu yake ilikuwa imetandaa hata juu ya makovu ya zamani, na siwezi kusema iliona nini. Mzee alikuwa sahihi kuhusu vumbi. Yule dada aliandika alichokiona kwa sababu tu hapakuwa na alama 91 ya kumwambia pa kutazama, wala Mzee wa kumwambia pa kutotazama.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za aina hiyo zitumike kusoma picha za vifua vya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, na sina ugomvi na pendekezo hilo, kwani najua zahanati ambako picha ingesubiri msomaji hadi mgonjwa achoke kusubiri. Utafiti wetu uliisha, mashine ikabaki kama huduma, na sanduku na kufuli yake vikaondoka na wafadhili. Sasa mtarajali akifungua picha, alama ndiyo ya kwanza kutokea, tayari na rangi zake, na hakuna kisehemu cha kuandika "sina uhakika".

Nilipendekeza kwenye kikao cha idara kwamba karatasi zirudishwe kwa ajili ya mafunzo. Nikajibiwa kwamba foleni ya eksirei siku hiyo ilikuwa imefika getini, na nilipochungulia dirishani ikawa ni kweli. Tulikubaliana kwamba kila Alhamisi, kwa picha kumi za mwanzo, upande wa skrini wenye alama ufunikwe kwa gamba la faili. Watarajali wanalalamika kwamba ninawachelewesha, na wawili nimekwisha kuwakamata wakilifunua.