Kiganja cha Bibi kwenye kioo cha SGR

Mbukwenyi ndugu zangu. Wiki iliyopita nilimpeleka Bibi Morogoro kwa treni ya umeme. Alizaliwa Kongwa, mwaka hakuandikiwa na mtu, ila mradi wa karanga wa Waingereza ulipoanza 1947 yeye alikuwa tayari binti wa kuchota maji. Hesabuni wenyewe.

Tulipokaa tu, akaweka kiganja kwenye kioo cha dirisha. Ngozi imekuwa nyembamba, kidole cha shahada kimepinda kwa miaka ya kusaga uwele kwenye jiwe. Hakukiondoa mpaka tulipopita Gulwe. Huku ananisimulia matrekta yalivyong'oa pori la Kongwa, na jinsi mradi ulivyokufa 1951. "Baba alisema mapema, mjukuu wangu, mvua ya Ugogo haina ahadi."

Wakati wa vijiji vya Ujamaa walihamishwa. Tembe lao likabaki nyuma, akajenga jingine mtoto yuko mgongoni. Hilo alilisema kwa sentensi moja akanyamaza, nami sikumsukuma.

Juzi nilimpitisha Mji wa Serikali, Mtumba. Dodoma ilitangazwa makao makuu 1973, yeye akiwa mama mzima. Akayatazama maghorofa kwa muda mrefu, akauliza: "Maji wanachota wapi?" Mtu aliyebeba maji kichwani maisha yake yote lazima aulize hivyo.

Nampenda sana huyu mama. Nimemrekodi dakika 40 kwenye simu, na Uhuru wa 1961 hatujaugusa. Jumapili narudi kwake.