Stelingi Aliyekubali Kufa

Katika nyumba ya video tuliyoizoea utotoni hapa Langoni, Lamu, kulikuwa na kanuni moja ambayo hatukufundishwa na mtu yeyote: stelingi, yaani shujaa wa picha, hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, kutupwa baharini au kufungwa kamba na kuachwa relini, lakini lazima picha imalizike akiwa mzima. Kwa hiyo siku tulipoonyeshwa Sholay, picha ya Kihindi ya mwaka 1975, na mwigizaji Amitabh Bachchan akakata roho mikononi mwa rafiki yake, watoto tuliokaa mkekani tulidhani kanda imekorofisha. Mmoja wetu alidai arudishiwe pesa zake.

Tangu siku hiyo sijaacha kumfuatilia, na kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyoamini kwamba nguvu yake haikuwa katika ngumi, ingawa ngumi ndizo tulizoziiga njiani tukirudi nyumbani.

Alizaliwa Allahabad tarehe 11 Oktoba 1942, mwana wa mshairi Harivansh Rai. Bachchan halikuwa jina la ukoo, bali lakabu ya ushairi ya baba yake, yenye maana ya utoto. Jambo ambalo halitamshangaza Mwamu yeyote, kwa kuwa hapa kwetu lakabu ya mshairi huweza kulifunika jina alilopewa na wazazi. Alifanya kazi ya ofisini Calcutta, akaomba utangazaji katika All India Radio, akakataliwa. Mwaka 1969 mwongozaji Mrinal Sen alimtumia kama msimulizi asiyeonekana katika Bhuvan Shome, na mwaka huohuo akatokea mwenyewe kwa mara ya kwanza katika Saat Hindustani. Sauti iliyokataliwa redioni ndiyo sisi, tusiojua Kihindi zaidi ya maneno ya mapenzi na matusi, tuliyoitambua hata tukiwa nje ya dirisha.

Filamu zake nyingi za mwanzo zilianguka, hadi ilipotoka Zanjeer mwaka 1973, iliyoandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, baada ya waigizaji wenye majina makubwa kuikataa. Stelingi wa siku zile alikuwa mtu wa kuimba bustanini. Huyu alikuwa inspekta asiyetabasamu. Jambazi Sher Khan anaingia kituoni na kutaka kuketi, na kabla hajakaa, inspekta anakipiga kiti teke. Tazama uso wake baada ya teke hilo: hakuna kinachotikisika.

Lakini picha iliyotuteka Lamu ni Deewaar, pia ya 1975. Mjomba wangu alikuwa kuli gatini, akishusha saruji na mchele kutoka majahazini, na kwake kumwona stelingi akibeba mizigo bandarini Bombay lilikuwa jambo la heshima. Vijay, kuli huyo, anavaa beji yenye nambari 786, na mzee Rahim, Mwislamu wanayefanya naye kazi, anamweleza kwamba nambari hiyo ni Bismillahi. Hapo nyumba nzima ya video ilinyamaza, kwa sababu tuliijua nambari hiyo kutoka kwenye hirizi na vichwa vya barua za wazee wetu. Risasi inampiga, beji inamkinga. Mwishoni, akiwa anakimbia, beji inamponyoka, na mjomba akasema kwa sauti ya chini, “Basi, huyu amekwisha.” Akafa kweli, mikononi mwa mama yake, hekaluni. Safari hii hakuna aliyedai pesa.

Kisha kifo kikataka kutoka kwenye kioo. Tarehe 26 Julai 1982, huko Bangalore, akipigana katika tukio la filamu ya Coolie, alikosea hesabu ya kuangukia meza na utumbo ukapasuka. Alilazwa Bombay akiwa mahututi, huku watu wakimwombea misikitini, makanisani na mahekaluni. Damu aliyoongezewa ilimwachia ugonjwa wa ini, uliogunduliwa baada ya miaka mingi. Filamu ilipotoka mwaka 1983, mwongozaji Manmohan Desai aliisimamisha picha pale pale alipoumia, maandishi yakatokea, kisha ikaendelea. Kuli Iqbal, ambaye naye ana beji ya 786, alikuwa ameandikiwa kufa; mwisho ukabadilishwa, akaishi.

Siasa nitaipita haraka, kama alivyoipita yeye: aliingia bungeni mwaka 1984 na kujiuzulu mwaka 1987. Kampuni aliyoianzisha miaka ya tisini ilimzamisha katika madeni, hata akaenda mwenyewe kwa mtengenezaji filamu Yash Chopra kuomba kazi. Mwaka 2000 alipata nafasi katika Mohabbatein, na mwaka huohuo akaanza kuendesha mchezo wa maswali wa televisheni, Kaun Banega Crorepati, akiwa na ndevu za mvi na miwani. Nyota wengine wa rika lake walipaka nywele rangi na kuendelea kuwakimbilia wasichana wenye umri wa binti zao.

Uamuzi huo wa kuzeeka hadharani ndio uliompa kazi bora, kwa maoni yangu. Katika Paa ya mwaka 2009 anaigiza mtoto wa miaka 12 mwenye maradhi ya kuzeeka mapema, na baba wa mtoto huyo anaigizwa na Abhishek, mwanawe wa kumzaa. Katika Piku ya mwaka 2015 ni mzee msumbufu wa Delhi ambaye habari zake zote ni za kufunga choo. Ikampa tuzo ya taifa ya nne.

Niliitazama Piku pamoja na mjomba kwenye simu yangu, tumeketi barazani, mimi nikimtafsiria maandishi ya chini kwa sababu macho yake yamepungua. Alicheka mpaka akakohoa. Mzee wa filamu alipofariki usingizini, nyumbani kwao Calcutta, nilingoja alalamike.

“Huyu kafa vizuri,” alisema, akanirudishia simu, akataka tuanze tena pale kwenye safari ya gari.