Magoli Matano ya Kwa Mkapa

Siku tuliyocheza na Mauritania, tarehe 6 Agosti 2025, niliketi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa kando ya mzee mmoja ambaye tangu kipyenga cha kwanza alikuwa akiwaita wachezaji wa Taifa Stars kwa majina yao, kama mtu anavyowaita wanawe waliotawanyika uani. Dakika zilikuwa zinayoyoma na nyavu za pande zote mbili hazijatikiswa. Kila Shomari Kapombe, beki wetu wa kulia, alipopanda mbele, mzee alipaza sauti: “Shomari, mwanangu, rudi nyuma, utatuacha wazi!” Dakika ya 89 Kapombe akafunga. Mzee alivua kofia, akajifuta uso kwayo, akanigeukia na kusema, “Mtoto amenishinda.”

Huo ndio utamu wa CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika ambayo kila nchi huwakilishwa na wachezaji wanaocheza katika ligi yake ya ndani pekee. Wapo wanaoyadharau kwa sababu nyota wa Ulaya hawamo. Mimi nayaheshimu kwa sababu hiyohiyo, kwani ni mashindano yanayoipima ligi ya nchi bila kuificha nyuma ya mtu yeyote: anayecheza ng’ambo haji kuiokoa, na mgeni aliyesajiliwa na klabu zetu hana nafasi ndani yake.

Tanzania ilishiriki mashindano ya kwanza kabisa mwaka 2009 kule Ivory Coast, ikarudi tena yale ya 2020 yaliyochezwa Cameroon mwanzoni mwa 2021, na mara zote mbili iliishia hatua ya makundi. Safari hii, tukiwa wenyeji pamoja na Kenya na Uganda, vijana wa kocha Hemed Suleiman waliongoza kundi kwa pointi 10. Waliifunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0 na Madagascar 2-1, kisha wakatoka suluhu na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Katika mechi hizo nne waliruhusu goli moja tu, na goli hilo lilitoka kwa Madagascar, timu ambayo baadaye ilifika fainali pale Kasarani, Nairobi, na kuisumbua Morocco kabla ya kupoteza 3-2. Kwa upande wa ulinzi, basi, ligi yetu ilifaulu mtihani, na nalisema hili kwa fahari.

Lakini hebu tuyatazame magoli yetu matano moja baada ya jingine. La kwanza lilikuwa la mkwaju wa penalti uliopigwa na Abdul Sopu. La pili alilifunga Mohamed Hussein, yaani Tshabalala, ambaye ni beki wa kushoto. La tatu ni lile la Kapombe, beki wa kulia, aliyecheza na Tshabalala kwa miaka mingi pale Simba. Mawili yaliyobaki, dhidi ya Madagascar, yote ni ya Clement Mzize. Ukiondoa penalti na mabeki, mshambuliaji aliyetufungia katika mashindano yote ni mmoja tu.

Sishangazwi na jambo hilo ninapokumbuka orodha ya wafungaji bora wa Ligi Kuu. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele wa DR Congo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi walilingana kwa magoli 17, msimu uliofuata Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso akafunga 21, na 2024/25 Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast akaibuka kinara kwa magoli 16. Sitaki wageni wafukuzwe. Ni wao waliochangia sana kuifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na Simba mwaka 2025, na beki wa Kitanzania amekuwa imara kwa sababu kila wiki anakabana na watu wa namna hiyo. Ninachokililia ni kijana wa Kitanzania anayecheza namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, ambaye katika klabu kubwa huingizwa dakika tano za mwisho, pale ambapo mechi imekwisha kuamuliwa. Kufumania nyavu ni kazi inayojifunzwa kwa kukosa, na huyu hapewi hata nafasi ya kukosa.

Tarehe 22 Agosti Morocco ilikuja robo fainali. Tulipambana nao kiume, uwanja ukiimba bila kupumzika, hadi kipindi cha pili Oussama Lamlioui alipotufunga goli lililotutoa. Mzee wangu sikumwona siku hiyo, na ningependa kujua alimwita nani goli lilipoingia.

Nilitoka na umati kuelekea kituo cha daladala. Mbele yangu kijana mmoja mwenye jezi ya klabu yake alikuwa akiwaeleza wenzake kwa uchungu ni washambuliaji gani wa klabu hiyo ambao wasingekosa goli usiku ule. Alimtaja wa kwanza, akamtaja wa pili, akamtaja wa tatu, halafu akanyamaza, kwa maana katika wote hao hakuwamo Mtanzania hata mmoja.