Usiku wa Kuamkia Kamati

Barua ya kuniita mbele ya kamati ya nidhamu niliipokea siku ya Jumatatu, na kikao kilipangwa kufanyika Ijumaa saa tatu asubuhi. Ilikuwa na aya mbili tu. Ya kwanza ilieleza kwamba mkaguzi wa ndani alikuwa amebaini malipo yasiyo na viambatisho. Ya pili ilinitaka nifike nikiwa na maelezo kwa maandishi pamoja na vielelezo. Nilikuwa nimehudumu kama mhasibu wa taasisi hiyo kwa miaka 11. Saini iliyokuwa kwenye vocha ilikuwa yangu, na stakabadhi zake nilikumbuka kabisa kwamba nilizishika kwa mikono yangu, lakini jalada lilipofunguliwa hazikuwamo.

Usiku wa kwanza sikupata usingizi, wala sikushangaa. Usiku wa pili ndipo nilipotambua kwamba kukesha kwa hofu ni kazi kamili, tena inayochosha kuliko kazi ya mchana. Nilijilaza chali nikiendesha kikao changu mwenyewe gizani: mwenyekiti anauliza, ninajibu, mjumbe mwingine anadakia, ninamjibu kwa ukali ambao mchana nisingeuthubutu. Kikao kikiisha ninakianza upya, safari hii nikirekebisha neno moja tu. Katikati ya vikao hivyo nilitazama saa na kupiga hesabu kwamba nikisinzia sasa nitapata saa nne, nikisinzia sasa nitapata saa tatu na nusu, na kila hesabu ilipopungua moyo ulinienda mbio zaidi, hata usingizi uliokuwa umeanza kunyemelea ukatoroka. Mhasibu ni mhasibu hata kitandani.

Nilikuwa nikiomba. Ninalisema hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba anayekosa usingizi ameacha kuomba. Niliomba sana, na kwa maneno mengi, ila nikiyakumbuka maombi yale leo ninaona yalikuwa mwendelezo wa utetezi wangu. Nilimweleza Mungu habari za vocha ile kwa kina, tarehe yake, kiasi chake na mikono iliyopitia, kana kwamba naye alikuwa mjumbe aliyechelewa kufika na sasa alihitaji kusomewa muhtasari. Nikishasema amina ninarudi kwa mwenyekiti.

Alhamisi jioni mama alinipigia simu. Nilidhani ataniuliza habari za kesi, lakini swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, unapata usingizi?"

"Ninaomba, mama," nilimjibu.

"Sikukuuliza kama unaomba. Nimekuuliza kama unapata usingizi."

Nilinyamaza. Akaniambia nisome Matendo ya Mitume, sura ya 12, pole pole, nisiiruke habari ya viatu, kisha akanitakia usiku mwema na kukata simu. Mama hajawahi kuwa mtu wa mahubiri marefu.

Habari hiyo niliijua tangu utotoni, au nilidhani ninaijua: Petro gerezani, malaika, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Jioni ile niliisoma kama mtu mwenye kikao kesho yake, nikaona mambo ambayo utotoni nilikuwa nikiyapita mbio ili niufikie muujiza. Herode alikuwa amekwisha kumwua Yakobo, nduguye Yohana, kwa upanga, kwa hiyo Petro hakuwa na sababu yoyote ya kudhani kwamba mitume hawaguswi. Alilindwa na vikosi vinne vya askari wanne wanne, yaani watu 16 kwa mfungwa mmoja. Usiku wenyewe ulikuwa wa kuamkia siku ya kutolewa mbele ya watu, na katika usiku huo Petro alikuwa katika usingizi, katikati ya askari wawili, amefungwa minyororo miwili. Nuru ikaangaza chumbani, naye hakuamka. Ilimbidi malaika ampige ubavuni.

Kisha nikafika kwenye viatu. Malaika anamwambia ajifunge mshipi, avae viatu vyake, ajitwalie vazi lake. Kumbe alikuwa amevivua! Mtu aliyefungwa kwa minyororo, asiyejua kama kesho jioni atakuwa hai, alilegeza mshipi, akavua viatu, akaliweka vazi lake kando, kama afanyavyo mtu yeyote aliyekusudia kupumzika. Haikuandikwa kwamba aliahidiwa kutoka. Tena ni Petro huyu huyu aliyewahi kusinzia Gethsemane alipoagizwa kukesha, jambo linalonifariji kwa namna yake, maana aliyelala siku ile kwa udhaifu alilala safari hii kwa imani, na huenda kwa macho ya askari usingizi wote ulifanana.

Nilijitazama. Nilikuwa juu ya shuka na si ndani yake, taa inawaka, saa iko mkononi, simu iko karibu na sikio, jalada la vielelezo liko chini ya mto, na nguo za kesho zimetundikwa mlangoni mahali ambapo macho yangu yangezifikia kila nikigeuka. Sikuwa nimevua chochote.

Niliamka nikalipeleka jalada sebuleni, nikazihamisha nguo, nikaiacha simu mbali na kitanda, nikavua saa. Kuvua saa ndiko kulikonichukua muda. Niliishika kiganjani kwa dakika kadhaa kama mtu anayekabidhi funguo za ofisi kwa mwenzake wa zamu. Kisha nikazima taa. Sala yangu usiku ule ilikuwa fupi kuliko zote za juma lile: nilimwambia Bwana kwamba jalada liko sebuleni, na kwamba mimi ninalala.

Usingizi haukuja mara moja. Mwenyekiti alirudi mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia kwamba kikao ni saa tatu asubuhi. Baada ya hapo sikumbuki kitu, hadi mwanga ulipopenya pazia na nikalazimika kwenda sebuleni kujua ni saa ngapi.

Kikao kilichukua dakika 40. Maswali mengi niliyokuwa nimeyajibu gizani hayakuulizwa kabisa, na kwa swali moja ambalo sikuwa nimelitarajia nilijibu kwamba sijui, kwa sauti ya kawaida, jambo ambalo bila ule usingizi nisingeliweza. Sikuondolewa hatia siku hiyo. Nilipewa siku 14 za kutafuta viambatisho. Stakabadhi zilipatikana siku ya tisa, zimebanwa kimakosa nyuma ya vocha ya mwezi mwingine. Ninalitaja hilo kwa haraka kwa sababu sipendi lidhaniwe kuwa ndilo lililonipa usingizi. Nililala kabla yake.

Ijumaa hiyo jioni mama alipiga tena.

"Ulilala?"

"Nililala, mama."

"Haya," akasema, "sasa nieleze habari za kamati."