"Run" katika shamba la chai

Baba mkubwa alikuwa mwalimu mstaafu, na hakulipenda daftari langu la Kiingereza. Nilikuwa kidato cha kwanza, na kama wenzangu wote darasani nilichora mstari katikati ya ukurasa: kushoto neno, kulia maana yake. Kila neno na maana moja tu. Likizo ya Pasaka nilikwenda kwake Tukuyu, akalisoma kimya, akalirudisha. Kesho yake tukaingia shambani kuchuma chai.

Mvua ya Rungwe mwezi wa nne haina adabu. Tulikuwa na vikapu mgongoni, tunachuma majani mawili na kichipukizi, akauliza ghafla:

"Mwanangu, 'run' ni nini?"

"Kukimbia, baba."

Akanyoosha mkono upande wa barabara kuu. "The road runs from Uyole to Kyela. Barabara ile inakimbia?"

Nikanyamaza. Akaendelea kuchuma, na kila baada ya konzi chache ananitupia nyingine. Mto Kiwira "runs" hadi Ziwa Nyasa. Shangazi yako "runs" duka pale stendi, maana yake ndiye anayeliendesha, hata kama kutwa nzima ameketi nyuma ya kaunta. Mtoto wa jirani kwa baridi hii pua yake "is running", kamasi zinamtoka. Jirani yetu mwingine "is running for" udiwani, anagombea. Na asubuhi tulikunywa chai bila sukari kwa sababu "we ran out of sugar".

Hiyo ya sukari ndiyo iliyonishinda. Akasimama kunieleza, na maelezo yale ninayatumia hadi leo ninapofundisha wadogo zangu. Tafuta mwendo usiokatika, alisema. Maji, barabara, biashara, vyote vinaendelea. Ukiongeza "out", mwendo umefika mwisho, kitu kimekwisha. Kwa hiyo usiliandike neno peke yake. Liandike pamoja na jirani zake.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za kamusi kubwa ya Oxford, ile ambayo toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 1928. Katika toleo la pili la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa "set". Wahariri walipoanza kuipitia upya, "run" likalipita: kama kitenzi tu walilihesabia maana zaidi ya 600. Nilifurahi mno. Mzee yule, bila kamusi ile, alikuwa amelichagua neno lenyewe hasa.

Tulipokuwa tukisubiri zamu ya mizani kwenye kituo cha majani mabichi, akataka nami nimpe neno la Kiswahili la namna hiyo. Nikampa "piga". Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga hodi, piga magoti. Wanawake waliokuwa mbele yetu wakajiunga: piga deki, piga picha, piga kelele, piga miayo. Mgeni aliyeandikiwa kwamba kupiga ni kuchapa tu, angeielewaje foleni ile?

Baba mkubwa alikuwa anahesabu kwa vidole. Majani yetu yalipopimwa akaniambia nifungue ukurasa mpya usio na mstari katikati, kesho tunaanza "take".